Mhasibu, Mtandao na Ahadi ya Mdomo: Wazo la Mfanyakazi ni la Nani?



Mwishoni mwa mwaka 2000 Nkosana Kenneth Makate alikuwa mhasibu aliye kwenye mafunzo katika kampuni ya simu ya Vodacom, Afrika Kusini. Mchumba wake alikuwa mwanafunzi, mbali naye, na mara nyingi hakuwa na salio. Akimhitaji Makate, hakuwa na njia ya kumjulisha. Alisubiri mpaka apigiwe. Kutokana na adha hiyo Makate akapata wazo kwamba mtandao umruhusu mtu asiye na hata senti kwenye simu ampelekee mwenzake ishara ya kuomba apigiwe. Akalipeleka wazo lake kwa bosi wake, Lazarus Muchenje, naye akamwelekeza kwa Philip Geissler, mkurugenzi wa uendelezaji wa bidhaa na mjumbe wa bodi. Geissler akalipokea. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba huduma ijaribiwe, na ikifaulu kibiashara Makate alipwe. Wakishindwa kuelewana juu ya kiasi, mkurugenzi mtendaji ndiye aamue. Machi 2001 huduma ikawafikia wateja. Jarida la ndani la kampuni likamtaja Makate na kumshukuru. Malipo hayakuja.

Shauri lililotokana na ahadi ile lilifika mahakamani 2008 na halikumalizika hadi Novemba 2025. Nimelichagua liwe kiini cha mhadhara huu kwa sababu hakuna idara moja ya chuo chochote inayoweza kulieleza peke yake. Mhandisi atakueleza jinsi ishara ilivyosafiri, wala hatajua kwa nini Makate alikaa miaka bila kulipwa. Mwanasheria atakuchambulia mkataba bila kuona fedha zilitokea wapi. Mtaalamu wa uongozi atazungumzia motisha, na neno hataza, yaani haki ya pekee ya kisheria juu ya uvumbuzi, huenda asilitaje kabisa. Nina hoja moja tu leo: wazo la mfanyakazi wa ngazi ya chini karibu halina sheria ya kulilinda, hivyo hatima yake huamuliwa na utaratibu wa ndani wa mwajiri. Utaratibu huo ndio ambao sisi watafiti tumeuacha bila kuuchunguza.

Nianze na mitambo, maana bila kuielewa hatutaelewa kwa nini wazo lile lilikuwa na thamani.

Wengi wenu hapa mmewahi kubipu, yaani kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa. Simu ya malipo ya kabla inapopigwa, mitambo humtafuta mpokeaji, huliza simu yake, na huanza kuhesabu gharama pale tu anapopokea. Mlio wenyewe ni bure, na watu wa bara zima waliligundua hilo bila kufundishwa na mtu. Mtafiti Jonathan Donner, aliyewahi kufanya utafiti Rwanda, alichapisha mwaka 2007 makala kuhusu kanuni za kubipu, na kanuni alizozikuta ni zilezile ambazo ungeweza kuelezwa Mwanza au Mombasa. Mwenye uwezo ndiye anayetarajiwa kupiga. Mnaweza kupatana mapema kwamba mlio mmoja maana yake nimefika. Na kijana anayemtaka msichana asimbipu, atajishushia hadhi.

Kwa kampuni ya simu, kila bipu ilitumia mitambo bila kuingiza chochote. Kwa mteja, bipu ilikuwa na mpaka wake: salio likiisha kabisa, mitambo hukataa kuunganisha na simu ya upande wa pili hailii. Wazo la Makate liliingia hapo hasa, kwa mtu ambaye hata kubipu hawezi. Huduma ilivyokuja kutumika kwa Vodacom ya Afrika Kusini, mteja huandika *140*, kisha namba ya anayemtaka, kisha alama ya reli. Amri hiyo hupita kwenye njia za ishara za mtandao, zile ambazo mitambo hutumia kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo haiulizi salio. Mtandao kisha humtumia mpokeaji ujumbe mfupi. Ujumbe wa aina hiyo una nafasi ya herufi 160, na ombi la kupigiwa halizimalizi. Nafasi iliyobaki ikauzwa kwa watangazaji.

Matangazo hayo ni mapato ya pembeni. Mapato makubwa hutokea dakika chache baadaye, mpokeaji mwenye vocha anapopiga, maana simu hiyo inalipiwa. Msongamano usio na faida ukageuka mlango wa mauzo. Mhasibu yule aliiona biashara mahali ambapo wengine waliona kero ya wateja wasio na fedha, na aliiona kwa sababu mtu wake wa karibu alikuwa mmoja wa wateja hao. Naomba tulishike hilo. Katika kampuni nyingi watu wanaojua maisha ya mteja maskini wako chini kabisa ya ngazi ya mishahara, na mara nyingi hawaalikwi kwenye kikao chochote cha bidhaa mpya.

Sasa tuje kwenye sheria. Makate alimiliki nini siku alipomweleza Geissler wazo lake?

Hakimiliki haikumsaidia, kwa kuwa hulinda namna jambo lilivyoandikwa, lilivyochorwa au lilivyopangwa kuwa programu, na huliacha wazo lenyewe wazi kwa kila mtu. Hataza nayo ina masharti. Uvumbuzi uwe mpya duniani, uwe na hatua ya kiubunifu isiyo dhahiri kwa mtaalamu, na uombewe kabla haujatangazwa. Isitoshe, sheria nyingi huzitenga njia za kufanya biashara. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001, kwa mfano, inasema wazi kwamba mipango, kanuni au mbinu za kufanya biashara si uvumbuzi wa kupewa hataza. Na hata kama Makate angekimbilia hataza, kampuni shindani ya MTN ilikuwa na huduma ya namna hiyohiyo wakati uleule, na iliiombea hataza mwanzoni mwa 2001. Kwa hiyo swali la nani alikuwa wa kwanza duniani halikuwa na faida kwake. Alichobaki nacho ni ahadi, na shauri lake lote, kwa miaka 17, lilihusu mkataba.

Vodacom ilitoa utetezi wa aina mbili ambao kila mwanafunzi wa sheria anapaswa kuufahamu. Kwanza, kwamba Geissler hakuwa na mamlaka ya kuifunga kampuni kwa ahadi ile. Pili, kwamba muda umepita, kwani sheria ya Afrika Kusini ya ukomo wa madai hufuta deni la kawaida baada ya miaka 3. Julai 2014 Mahakama Kuu mjini Johannesburg ilikubali kwamba makubaliano yalifanyika, kisha ikalitupa dai la Makate kwa hoja hizo mbili. Tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikageuza mambo. Ilisema kwamba mkurugenzi aliyewekwa na kampuni kwenye kiti kile, mwenye madaraka yale juu ya bidhaa mpya, alionekana kwa mtu yeyote mwenye akili timamu kuwa na mamlaka, na kampuni iliyomvalisha mwonekano huo haiwezi kuukana. Kuhusu muda, ilisema kwamba Makate alikuwa anadai haki ya kukaa mezani na kujadiliana, na dai la namna hiyo si deni kwa maana ya sheria ya ukomo. Ikaamuru mazungumzo ya nia njema yaanze ndani ya siku 30. Haikuficha hisia zake pia: iliona kwamba mwenendo wa kampuni na viongozi wake wa zamani haukustahili taasisi yenye maadili.

Hoja ya muda inanigusa zaidi kwa sababu ya sheria zetu wenyewe. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi miaka 3 kufungua madai yanayotokana na mkataba wa ajira. Tanzania Bara, kanuni za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi za 2007 zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine, isipokuwa tume ikiridhika na sababu za kuchelewa. Siku 60! Fikirini mfanyakazi aliyeahidiwa na mkurugenzi wake kwamba tutaongea huduma ikishaanza kuingiza fedha. Atahesabu siku 60 tangu lini? Tangu huduma ilipozinduliwa, tangu ilipopata faida, au tangu mkurugenzi alipoacha kupokea simu zake? Mdai akipitia mahakama za kawaida na kudai chini ya sheria ya mikataba atapata muda mrefu zaidi, lakini atakutana na bishano jingine la kama hilo ni suala la ajira au la. Sijaona tasnifu moja ya Kiswahili iliyolishughulikia swali hili kwa kina, na ni swali linalomhusu kila mwajiriwa mwenye kichwa kinachofanya kazi.

Kuna fungu moja la Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya niliyoitaja ambalo ningependa lisomwe katika kila ofisi ya utumishi. Ni kifungu cha 32. Linasema kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mfanyakazi ambaye kazi yake haimtaki avumbue, lakini amevumbua kwa kutumia taarifa au vifaa alivyovipata kazini, naye hupoteza hataza kwa mwajiri. Ila yeye anapata haki ya malipo ya usawa, yanayozingatia mshahara wake, thamani ya uvumbuzi na faida aliyoipata mwajiri. Wasipoelewana, baraza la mali ya viwanda hupanga kiasi. Na aliyeajiriwa avumbue hupata haki kama hiyo ikiwa uvumbuzi wake ni wa umuhimu wa pekee sana. Ni sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba inahusu kitu kinachoweza kupewa hataza, na tumeshaona kwamba wazo kama la Makate, kwa sehemu kubwa, ni mbinu ya biashara. Mfanyakazi wa benki atakayebuni njia mpya ya kukopesha vikundi vya akina mama, karani wa bandari atakayepanga upya foleni ya makontena, muuguzi atakayebuni fomu inayopunguza makosa ya dawa, wote hawa wako nje ya ukuta wa kifungu cha 32.

Hapa ndipo maelezo ya kazi yanapokuwa na uzito ambao maofisa utumishi wengi hawaupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi, na maelezo ya kazi yenyewe yamo. Karatasi ile, ambayo kwa kawaida hunakiliwa kutoka kwa aliyemtangulia, siku ya mgogoro ndiyo itakayosema kama ubunifu ulikuwa sehemu ya kazi. Afrika Kusini, kifungu cha 59 cha sheria yao ya hataza ya 1978 kinabatilisha sharti lolote la ajira linalomlazimisha mfanyakazi amkabidhi mwajiri uvumbuzi aliouibua nje ya mipaka ya kazi yake. Mipaka hiyo ataisoma jaji kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa na ofisa utumishi mwenye haraka.

Wengine watasema haya ni mambo ya nchi zenye viwanda vikubwa. Basi tuziangalie nchi hizo. Profesa Ian Shanks aliajiriwa na Unilever, Uingereza, mwaka 1982 kwa mshahara wa pauni 18,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo, nyumbani kwake, kwa kutumia vipande vya kioo kutoka hadubini ya kuchezea ya binti yake, utando wa plastiki na vibanio vya karatasi, alitengeneza kifaa cha kwanza cha majaribio cha kipimo cha sukari ambacho baadaye kiliwafaa wagonjwa wa kisukari. Hataza ilikuwa ya Unilever, na iliipatia takriban pauni milioni 24. Shanks alifungua madai yake 2006. Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua alipwe pauni milioni 2. Kampuni ilikuwa imesisitiza kwamba, ukilinganisha na biashara zake zote, fedha zile zilikuwa ndogo mno kuitwa manufaa ya kipekee. Mahakama ilikataa. Ukubwa wa mwajiri hauwezi kuwa sababu ya kuudogosha mchango wa mwajiriwa.

Japani ilikwenda mbali zaidi, na mimi nadhani ilikwenda pazuri. Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia ndiye aliyefanikisha taa za bluu za LED, ambazo leo zimo katika skrini na balbu kila mahali, na kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kampuni ilikuwa imempa yeni 20,000. Januari 2004 mahakama ya wilaya ya Tokyo iliamuru alipwe yeni bilioni 20, na mwaka uliofuata, kwenye rufani, walipatana kwa takriban yeni milioni 840. Waajiri wa Japani walitikisika. Bunge likaibadilisha sheria ya hataza mwaka 2004 na tena 2015. Mabadiliko hayo yaliwapa waajiri uhakika zaidi wa umiliki, lakini yakaielekeza mahakama iangalie utaratibu: je, wafanyakazi walishauriwa kanuni za malipo zilipotungwa, je, kanuni zilitangazwa, je, mvumbuzi alisikilizwa kabla kiasi hakijapangwa? Kwa maneno mengine, ubora wa menejimenti umekuwa ushahidi mahakamani. Huo ni muungano wa sheria na uongozi ambao vyuo vyetu bado vinaufundisha katika majengo mawili tofauti.

Nirudi Vodacom, kwa sababu bado sijazungumzia hesabu. Baada ya mazungumzo kushindikana, mkurugenzi mtendaji Shameel Joosub alipanga Januari 2019 kwamba Makate alipwe randi milioni 47. Makate alikataa. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaliweka kando pendekezo hilo na kutaka hesabu ifanywe upya kwa msingi wa asilimia 5 ya mapato ya simu zilizotokana na huduma, na kwa kipindi cha miaka mingi zaidi kuliko mitano aliyoitumia mkurugenzi. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Rufani, kwa wingi wa majaji 3 dhidi ya 2, ikataja asilimia kati ya 5 na 7.5, tangu Machi 2001 hadi Machi 2021. Kampuni ikakata rufani. Julai 2025 Mahakama ya Katiba ikasema hukumu ile haikuzingatia ushahidi na hoja ipasavyo, ikaifuta na kuirudisha isikilizwe na majaji wengine. Kabla hilo halijafanyika, Novemba 2025, Vodacom ikatangaza kwamba shauri limemalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Chini ya hukumu hizi zote lipo swali la kitaalamu ambalo hakuna jaji anayepaswa kuachiwa alijibu bila msaada. Simu ngapi zilipigwa kwa sababu ya ujumbe wa kuomba kupigiwa? Mama aliyepokea ujumbe wa mwanawe saa 12 jioni labda angempigia hata hivyo saa 2 usiku. Mwingine hangepiga kamwe. Ili kutenganisha hawa wawili unahitaji kumbukumbu za simu, mtu wa takwimu, na mtu anayejua tabia za wanaobipu, kama alivyozichunguza Donner. Unahitaji kujua pia kama kumbukumbu za mwaka 2001 bado zipo, na kampuni za simu hazihifadhi kila kitu milele. Mwajiri angeweka hesabu tangu siku ya kwanza, kazi hii ingekuwa ya wiki chache. Ikisubiri miaka 20, inageuka vita ya makadirio ambamo kila upande unaajiri wataalamu wake. Na mwajiriwa anapata wapi fedha za wataalamu? Makate alilazimika kutegemea wafadhili wa kesi, watu wanaogharamia mashauri kwa kutegemea mgawo wa kitakachopatikana.

Mkurugenzi mtendaji wa zamani wa Vodacom, Alan Knott-Craig, alijipa sifa ya wazo hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2009, ilhali jarida la kampuni yake la 2001 lilimtaja Makate. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko fedha. Kampuni inaweza kushindwa kulipa kwa sababu ya ubahili, lakini inapobadilisha simulizi ya nani alifanya nini, inawafundisha wafanyakazi wake wote kunyamaza. Waliobaki ofisini hupokea somo hilo haraka, na anayefuata mwenye wazo hulipeleka kwa mshindani, au halipeleki popote.

Kwa hiyo utafiti ninaoutaka kwa wanafunzi wa uzamili walioko hapa si dodoso jingine la motisha lenye majibu ya moja hadi tano. Nendeni kwenye kampuni za simu, benki, viwanda vya saruji, hospitali za rufaa. Ombeni kanuni za utumishi na mwone kama zinasema lolote kuhusu wazo la mfanyakazi. Someni mikataba ya ajira na mtazame ni mingapi ina sharti la kukabidhi kila uvumbuzi, liandikwe kwa fundi au kwa dereva. Ulizeni sanduku la maoni hufunguliwa na nani, na karatasi zake hupelekwa wapi. Mwanafunzi wa sheria aandamane na wa uhandisi, na wa tatu awe wa menejimenti, tasnifu tatu kutoka uwanja mmoja. Na vyuo vianze na nyumba zao, kwa kuwa msaidizi wa maabara na mwanafunzi anayeandika programu kwa ajili ya mradi wa profesa wako katika hali ileile ya Makate, na mara nyingi hata ahadi ya mdomo hawajapewa.

Kwa waajiri, ninachopendekeza kinaweza kuanza bila kusubiri Bunge. Liwepo daftari la mawazo, lenye tarehe na jina, na mtoa wazo apewe nakala yenye mhuri siku hiyohiyo. Aliyepokea wazo aandikwe pia, pamoja na mipaka ya mamlaka yake, ili pasitokee tena mabishano ya kama mkurugenzi aliruhusiwa kuahidi. Kanuni ya malipo itungwe pamoja na chama cha wafanyakazi kabla ya wazo lolote kuingia, na itaje asilimia, muda wa miaka, na kumbukumbu zitakazotumika kuhesabu. Muda wa kudai uanze kuhesabiwa siku mfanyakazi anapopewa hesabu ya kwanza kwa maandishi.

Na mwamuzi wa mwisho asiwe mkurugenzi mtendaji. Makate na Geissler walikubaliana hivyo kwa nia njema mwaka 2000, na kipengele hicho kimoja ndicho kilichozaa nusu ya pili ya shauri, kwa sababu aliyetakiwa kupanga kiasi alikuwa ndiye mlinzi wa hazina itakayolipa. Kenya tayari ina baraza la kuamua malipo ya mvumbuzi aliyeajiriwa. Tanzania Bara ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi yenye wasuluhishi waliozoea mishahara na mafao. Wanachokosa ni mafunzo ya kuthamini wazo, na hilo linaweza kuanzishwa na chuo kimoja chenye kitivo cha sheria, shule ya biashara na idara ya mawasiliano ya simu, muhula ujao.